Sinki la Miguu Lililonikosesha Radhi ya Mama

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili. Nashona mapazia, na naishi Johannesburg, mtaa wa Bertrams, karibu na ule uwanja mkubwa wa mpira. Majina nimeyabadilisha, kwa sababu mhusika mmoja bado yuko hai na ni ndugu yangu wa tumbo moja...

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimepewa nyingi na haikunisaidia kitu. Naandika kwa sababu kuna jambo nimelimeza na linanikaba, na ninyi angalau hamnijui.

Mwaka 2016 baba yetu alifariki. Mama, Bi Mwanaidi, akabaki peke yake Tanga na magoti yake mabovu. Watoto wake tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu Zuberi, na sote tulikuwa huku Afrika Kusini. Nikamwambia mume wangu Omari kwamba namleta mama. Omari hakuuliza mara mbili, akasema mama yangu ni mama yake.

Nilikuwa na sababu yangu. Nilipoolewa nikaja huku, niliondoka mama akinung'unika. Hakunilaani, hasha! Lakini hakunitamkia kwa kinywa chake, "Nenda mwanangu, nina radhi nawe." Sisi tuliolelewa kwa dini tunajua mtoto asiye na radhi ya mama anatembea vipi duniani. Miaka yote hiyo nililala nalo, nikaamka nalo. Nilitaka nimlee uzeeni, nimpikie, nimfulie, na siku moja aniambie maneno hayo. Ni hilo tu nililolitaka. Je, lilikuwa kubwa?

Mama akaja. Akailalamikia baridi, akaulalamikia mkate, akawalalamikia wanangu ambao Kiswahili wanakisikia vizuri lakini wanamjibu Kiingereza. "Mwanaisha, umenizalia Wazungu weusi!" Tukacheka mpaka machozi. Siku zile nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Tatizo likawa bafu.

Nyumba tunayopanga ni ya kizamani, ya zile zenye sakafu ya mbao. Chini ya mbao kuna boriti, chini ya boriti kuna uwazi, ndipo ufike kwenye udongo. Bafu nalo ni hivyo hivyo, ila juu limefunikwa mpira wa sakafu. Mama akitaka kutawadha, ilibidi ainue mguu mpaka kwenye sinki la kunawia uso... mkono mmoja ukutani, mguu mmoja hewani, bibi wa miaka sabini na kitu! Kila wakati wa sala mimi roho mkononi. Nilipomwambia nitamletea beseni na kopo nimmiminie, alinikata jicho. "Bado sijawa maiti wa kuoshwa," akasema.

Ndipo Zuberi alipojitolea kumtengenezea sinki la chini, la miguu.

Niwaambie kidogo juu ya Zuberi. Ni kitinda mimba, na kitinda mimba wa kiume, kwa hiyo mnaelewa alivyopendwa. Hapa Joburg alijaribu kila kazi. Alipaka rangi, akabandika vioo vya magari, akauza viatu Fordsburg, na kila kazi aliiacha katikati. Omari alizoea kumtania, "Shemeji, wewe ni fundi wa mdomo." Zuberi alicheka kama wengine, lakini mimi dada yake nilimwona anavyomeza mate. Aliposema atamfanyia mama kitu kwa mikono yake mwenyewe, nilifurahi kwa ajili yake.

Akapata sinki fupi la kauri kwa wauzaji wa vitu vilivyong'olewa kwenye nyumba za zamani. Jeupe, zito, halina hata ufa. Mpango wake ulikuwa kuliunganisha na bomba la majitaka lililokuwepo, lile linalopokea maji ya bafu na ya choo. Angefanya hivyo, yote ninayowasimulia yasingetokea.

Mama ndiye aliyekataa.

"Maji yangu ya udhu yakachanganyike na uchafu wa choo? Astaghfirullah! Kwetu pa kutawadhia mbali, chooni mbali!" Omari akamweleza kwa upole kwamba maji yakishashuka yameshashuka, udhu hautenguki kwa yatakayokutana nayo huko chini. Mama akageuza uso. Na sisi nani angembishia? Ndivyo tulivyokulia, na ukweli ni kwamba hata mimi moyoni niliona ana haki.

Basi Zuberi akafunua mbao za pembeni, akaingiza kichwa chini, akatoka na vumbi usoni akicheka. Amepata bomba jingine! La chuma, la zamani, la bafu lililong'olewa kabla hata sisi hatujahamia. Akasema halina uhusiano wowote na choo, linapita chini kwa chini mpaka kwenye mtaro wa mvua ule wa barabarani. Mama akapiga kigelegele. Kigelegele, bafuni!

Akaniomba kitambaa cha kufutia mikono. Nikampa kipande cha pazia kilichobaki kwenye kazi yangu, rangi ya maziwa, chenye maua ya kijani.

Mama akaweka kiti chake mlangoni, tasbihi mkononi, akamtazama mwanawe siku nzima. Nyundo ikigonga, yeye anaomba. "Mwenyezi Mungu akujengee nyumba peponi kama unavyonijengea mimi hapa." Jioni mbao zilirudishwa na mpira ukabandikwa. Zuberi akafungua maji, yakazunguka, yakashuka yote bila kutuama. Omari akampa mkono, akamwambia, "Shemeji, leo nimekukubali."

Hakuna aliyekwenda barabarani kutazama kama maji yanatokea. Twende kutazama nini, wakati mwana amemjengea mama yake?

Haukupita muda Zuberi akapata kazi ya ulinzi Cape Town, akaondoka.

Mama akawa anatawadha kwa raha zake. Anakaa kwenye kigoda, miguu ndani ya sinki, maji yanamtiririka, uso umetulia. Akimaliza, dua yake ni hiyo hiyo. "Allah amweke Zuberi." Mimi niliyeamka kumchemshia uji, niliyemkanda magoti kila jioni, jina langu sikulisikia. Nililiona hilo, siwafichi. Nikajiambia subiri, Mwanaisha, zamu yako itakuja...

Baridi ya mwaka uliofuata, bafu likaanza kunuka unyevu. Nikalisugua kwa dawa, nikafungua dirisha, wapi! Mama akafukiza udi. Ikawa ukipita ukumbini unadhani kuna harusi, ukiingia bafuni unasikia udi kwa juu na uvundo kwa chini. Halafu pembeni mwa ukuta, chini ya sinki lile, vikaota viuyoga vidogo, vyeupe. Vinaota ndani ya nyumba ya watu!

Nikampigia Zuberi simu. Nilimweleza yote, uvundo, uyoga, na kwamba ukikanyaga karibu na sinki mpira unabonyea kidogo. Akaniuliza kwanza kama mama yuko karibu anasikia.

"Eish, dada, hiyo ni baridi ya Joburg tu," akasema. "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Weka zulia zito pale, mama asikanyage baridi."

Zulia zito! Naye ndiye aliyelijenga lile sinki, nimtilie shaka kwa lipi? Nikatoka na basi mpaka Fordsburg kwenye ule mtaa wa maduka, nikachagua zulia nene kuliko yote, nikalitandika mwenyewe kwa mikono yangu. Mama akasifu. Alisema Zuberi hata akiwa mbali anamfikiria.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba kwa zulia.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Nilikuwa sebuleni kwenye cherehani, nina pazia la mteja magotini. Nikasikia mama anafungua maji. Kisha nikasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kuni, na mlio mwingine, na kitu kizito kikaanguka.

Nilikimbia, jamani... Sakafu ilikuwa imefunguka. Zulia lilikuwa limezama ndani ya shimo, na mama alikuwa amezama nalo mpaka kiunoni, mguu mmoja umepinda upande usiostahili kupinda. Mkono wake umelishika sinki. Maji bado yanatoka bombani.

Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanaisha, funga maji, yanapotea." Ndipo akazimia.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Wakamwekea chuma, wakafanya waliloweza, lakini kwa umri ule na sukari aliyokuwa nayo kidonda hakikutaka kupona. Wakaturudishia nyumbani. Mama aliyenikatalia kopo na beseni sasa akawa wa kugeuzwa kitandani. Maji hayaruhusiwi kugusa kidonda, na mwili mzima umefungwa dawa, kwa hiyo shehe akamwelekeza atayamamu. Nikawa namletea mchanga mkavu kwenye sahani, anaupiga kwa viganja, anajipaka uso na mikono, anasali kwa macho. Nilikuwa nageuka ukutani ili asinione.

Mwenye nyumba akamtuma fundi kuja kufumua sakafu. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, tukimwita Papa Kasongo. Akang'oa mbao, boriti ikamegeka mkononi mwake kama mkate uliolowa. Akaniita nije nione.

"Mama, hii tuyau haiende fasi yoyote," akaniambia, akigonga lile bomba la zamani. "Ilikatikaka zamani sana. Maji yote inabakiaka humu chini."

Nikamwambia haiwezekani, mdogo wangu alilikagua, linakwenda barabarani. Papa Kasongo akalala kifudifudi. Akaingiza mkono gizani, pale lilipokatika lile bomba, akavuta kitu kilichokuwa kimezungushiwa waya.

Kitambaa. Kimeoza, kimekuwa cheusi, lakini kwenye pindo bado yanaonekana maua ya kijani.

"Mutu mwenye alitia sinki aliona," Papa Kasongo akasema polepole. "Njo maana alifunga."

Wasomaji wenzangu, nilikaa palepale kwenye mbao mbovu. Zuberi alijua! Alijua siku ileile! Aliona bomba limekatika, akalizungushia kipande cha pazia kama mtu anayefunga kidole kilichokatwa, akarudisha mbao, akapokea dua. Na nilipompigia simu kuhusu uvundo alijua. Na aliponiambia niweke zulia... alijua!

Alipokuja kutoka Cape Town kumwona mama, sikumpa hata maji ya kunywa. Nilimvuta hadi uani, nikamwekea kile kitambaa usoni. Hakukana.

"Dada, mama alikuwa amekaa mlangoni ananiombea dua," akasema. "Shemeji anasubiri nishindwe. Ningesema nini? Ningesema nimeshindwa tena? Nilidhani maji kidogo yale yatanywewa na udongo."

"Na zulia?"

Akainamisha kichwa.

"Ingia ndani sasa hivi umwambie mama," nikamwambia.

"Akijua atakufa, dada. Unataka afe?"

Nikamwachia. Huo ndio ukweli, nilimwachia, kwa sababu na mimi niliogopa hilohilo.

Akaingia chumbani. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, wakakaa hivyo. Mimi nimesimama mlangoni na sahani ya mchanga. Kisha mama akanitazama mimi, na macho yake yakabadilika.

"Mwanangu huyu aliniletea maji," akasema. "Wewe na mumeo mkanilaza juu ya mbao zilizooza. Ulikuwa unaishi humu miaka yote, Mwanaisha, hukujua nyumba yako imeoza? Umenitoa kwangu kwenye saruji ukaja kunivunja huku?"

Nilimtazama Zuberi. Nilimtazama kwa macho yote niliyopewa na Mungu. Sema! Sema neno moja tu!

Zuberi akatazama ukuta.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, tunasema kirahisi. Mimi siku hiyo nilikiona kimekaa kitandani kwa mama yangu, kinashikwa kichwa.

Toka siku hiyo mama hakuwa mama niliyemfahamu. Chakula changu kina chumvi. Mkono wangu mzito. Nikimgeuza naumiza kwa makusudi. Zuberi akipiga simu, kwa sababu alirudi Cape Town baada ya siku chache tu, uso unanawiri. Omari alishindwa kuvumilia. Alitaka kuingia amweleze mama yote, nikamzuia mlangoni. Nilimwambia mimi ndiye mtoto, niache nimalize. Tukagombana vibaya kwa sababu hiyo, na mpaka leo hatujapatana sawasawa.

Halafu zikaja siku ambazo hata uji hautaki. Mgonjwa anapofika hapo, anayemuuguza hahitaji kuambiwa na mtu. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu. Nikapiga magoti, nikaushika mkono wake, ulikuwa mwepesi mno. Nikalisema lile nililolisubiri miaka yote.

"Mama, niwie radhi."

Alifumbua macho.

"Kwanza niahidi," akasema. "Nikifa usigombane na mdogo wako. Nakujua ulimi wako. Usimwambie neno baya, wala usimseme kwa watu. Ni yatima yule."

Yatima! Na mimi je? Lakini niliahidi. Niliapa kwa jina la Mungu, nikimtazama machoni.

"Vizuri," akasema. Akafumba macho. "Nimechoka. Hilo lako tutaongea kesho."

Hapakuwa na kesho. Aliondoka kabla ya magharibi, na mkono wake nilikuwa bado nimeushika.

Tulimzika hukuhuku Johannesburg, yeye aliyetaka alale ubavuni mwa baba. Watu wa Tanga na wa Unguja walijaa nyumbani, Mungu awalipe kheri, walipika, walisoma, waliosha vyombo. Kila mmoja aliniambia nina bahati, nimemuuguza mama mpaka dakika ya mwisho. Bahati!

Zuberi hakuwahi maziko. Badala yake alikwenda Tanga kwa ajili ya khitma. Huko, naambiwa, alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi alivyomtengenezea mama pa kutawadhia kwa mikono yake miwili. Akalia, na watu wakalia naye.

Siku ya pili yake shangazi yetu akanipigia simu. Shangazi huyu ni dada wa baba, mtu mzima, hana uovu.

"Mwanaisha," akaniambia, "Zuberi ametueleza. Kwamba alikwambia sakafu imeoza, uifumue, na wewe ukaamua kuifunika kwa zulia. Mwanangu, kwa nini? Basi, tumekwisha kumsomea mama yako. Tumekuombea na wewe, Mwenyezi Mungu akusamehe."

Nikafungua mdomo... Yote yalikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Kitambaa, waya, simu ile, uso wake akitazama ukuta. Ningesema maneno kumi tu, Tanga nzima ingejua kufika jioni. Nikaukumbuka ule mkono mwepesi, na kiapo.

"Amina, shangazi," nikasema.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Wapo mtakaosema kiapo cha kuficha uongo si kiapo, na huenda mna haki. Wapo mtakaosema kwa kuandika hapa nimeshakivunja. Nimelala na swali hilo nikachoka. Bafu lilitengenezwa, sinki lile Papa Kasongo alilibeba, sikumuuliza alipolipeleka. Mimi nashona, nalisha wanangu, Omari ananijibu ninapomuuliza. Wanangu wananiuliza bibi alikasirika nini, nawaambia alikuwa anaumwa.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu. Mtu akikuunganishia bomba nyumbani, awe fundi wa duka kubwa au awe mwanao wa kumzaa, usimsifu kabla hujaenda mwenyewe kusimama pale maji yanapotokea. Ukiwa mzazi, usimwombee mtoto dua mlangoni mpaka akaona haya kukwambia ameshindwa. Na wewe uliyeharibu kitu cha watu na bado kimefunikwa, sema leo. Sema kungali na mbao tu za kung'oa. Utachekwa siku mbili, na mama yako atakuwa hai.

Na kama una mama, usingoje amalize kukuomba lake ndipo uombe lako. Mwombe radhi leo, akiwa mzima, amekaa, anakula. Mimi wangu nimemwomba akiwa amechoka, na sasa kila Ijumaa nakwenda makaburini, nasimama, namwomba tena... na hajibu.